Kilo Hamsini na Nane

Zahanati ya Mizani,
S.L.P. 41.
9 Juni

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu, na pole kwa barabara na vumbi lake. Mgongo unaendeleaje? Na yale macho yaliyokuwa yakiona ukungu jioni? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa. Baba anakula vizuri, na sasa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto bila kumwaga.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu umeshaijulia. Nikigusia tu neno presha, mtandao unakatika.

Kwanza habari za kazi. Zahanati yetu, kama ujuavyo, iko hatua mia tu kutoka mizani ya malori. Mwaka mzima nilikaa humo na kifaa changu cha presha nikisubiri madereva wasiokuja. Matajiri wa malori walipoanza kudai kadi za vipimo, ghafla wakaanza kuja, tena wazima wote. Nikajipongeza. Kumbe fundi matairi wa pale nje, yule mwembamba kama spana, alikuwa amepimwa mara nne wiki moja kwa majina manne, kila siku na kofia yake!

Nilimkalisha nikamfokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sista, usinikasirikie. Presha ya dereva ikionekana, tajiri anachukua funguo. Watoto watakula kadi?"

Tangu hapo tumebadilisha mambo. Daktari wetu amekubali kwamba kadi ni ya dereva, tajiri haoni kitu. Na mimi sisubiri tena ndani. Dereva akitoka kwenye foleni anarudi mkiani, na akiliacha lori anakuta dizeli imenyonywa, sasa nilitaka aje vipi? Natembea na foleni yenyewe, napanda ngazi ya kabini, namfunga mtu mkanda mkononi akiwa kitini pake, namchoma kidole kupima sukari, nashuka. Viatu vimekwisha soli, lakini wiki iliyopita nilipima watu sitini na wawili.

Mmoja wa wale wa mwanzo tunamwita Mzee Honi. Presha yake ilinitisha mpaka nikampima tena mara mbili. Alikula vidonge wiki tatu akiwa nyumbani, ikashuka, akarudi kwenye usukani wake. Kila akipita hapa anapiga honi mpaka wagonjwa wanalalamika.

Sasa tuje kwako. Mama amenionyesha picha ya kadi uliyomtumia. Presha nzuri ajabu, sukari nzuri. Ameitembeza simu mtaa mzima. Mimi nikashuka mstari wa chini, penye uzito. Kilo hamsini na nane. Kaka, kilo hamsini na nane uliziacha shuleni! Kile kiti ulichokivunja siku ya harusi yangu bado kiko nyuma ya nyumba, kimefungwa kamba.

Nilicheka, kisha nikalia. Baba alikuwa ameketi mbele yangu, mkono wa kulia umelala pajani. Miaka ishirini na sita barabarani hakupimwa hata mara moja, na wiki ile kabla ya kiharusi alikuwa akisema ni uchovu tu. Nawe siku hizi unasema ni uchovu tu. Naogopa, kaka. Naogopa sana.

Sikulaumu. Najua unaogopa nini, na najua una watoto watatu shuleni. Lakini pale mpakani mnapokaa siku mbili kungoja karatasi, wauguzi nao wameanza kupanda kwenye kabini kama sisi, na kadi inabaki mfukoni mwako. Nimewauliza mwenyewe. Mama hajui lolote, na kwangu halitatoka.

Wifi na watoto wasalimie sana. Shangazi anakusalimu, na shemeji yako anasema bado anakudai kiti. Mungu akulinde kwenye kona na kwenye mteremko, akurudishe ukiwa mzima.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kadi mpya. Jina nimeandika mimi. Uzito pia nimeujaza mimi: kilo mia na nane, na kama nimekosea, nimekupendelea. Penye presha nimepaacha wazi. Hayo maandishi yaliyopinda hapo juu usidhani ni ya mtoto. Baba ndiye pekee niliyemwambia. Aliomba kalamu, akaishika kwa mkono wa kushoto, na neno hilo moja lilimchukua asubuhi nzima: Pimwa.

Akupendaye kwa kilo zako zote,
Mdogo wako