Ndiva Ilipojaa kwa Wageni

Same, 4 Septemba 2023

Mama, shikamoo. Magoti yameacha kuuma? Mimi ni mzima, kazi ya ofisini inaendelea.

Nimemsikia bosi akisema barua za kijiji hazimtishi. Anaowaogopa ni wanunuzi wa Ulaya. Wakijua bomba letu linakausha ndiva yenu, hawatanunua tena maharage ya kampuni. Sasa wanakuja huko Gonja kuliona hilo bwawa kwa macho yao. Wapokeeni vizuri, mama. Hatuna nafasi nyingine.

Binti yako,
Elinaza

Gonja, 16 Septemba 2023

Mwanangu Elinaza, marahaba. Magoti ni yale yale, ila moyo umefurahi.

Wageni tumewapokea. Mzee Aminieli alipiga baragumu, tukatoka kijiji kizima kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, tukazoa tope lote la ndiva. Tukakubaliana asiwepo wa kufungulia maji shambani mpaka wageni wafike. Mahindi yamesinyaa, lakini mgeni utamwonyeshaje bwawa tupu? Walikuta maji yamefika ukingoni. Mmoja alinawa uso akacheka, wakapiga picha. Nimewachinjia jogoo. Kampuni itakoma sasa.

Mama yako,
Raheli

Same, 29 Septemba 2023

Shikamoo mama. Natumaini hamjambo hapo nyumbani.

Wageni wameandika kwamba maji yenu yanatosha na kubaki. Picha ya ndiva imetundikwa hapa ofisini, naiona kila nikiinua kichwa. Nilimweleza bosi kwamba ilijaa kwa sababu mlijinyima. Akanijibu, "Kumbe wakitaka inajaa." Wameanza kulaza bomba la pili. Nimeumia, mama. Nilisema muwapokee vizuri, nikasahau kusema muiache ndiva kama ilivyo. Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Binti yako,
Elinaza

Gonja, 20 Novemba 2023

Mwanangu, marahaba. Nimechelewa kujibu.

Sikugombezi. Mgeni ningempokeaje vingine? Mahindi nimewakatia mbuzi. Mzee Aminieli alipiga tena baragumu, tukatoka na majembe yetu, tukakuta ndiva imepasuka nyufa. Tukakaa ukingoni, kisha kila mtu akarudi kwake. Siku hizi hapigi tena.

Ukija Krismasi, uje na dumu la maji yako ya kunywa. Naona aibu kumwambia hivyo mtoto wangu mwenyewe.

Mama yako,
Raheli