Dari Mpya ya Mama

Kaka Bhekumuzi,

Baridi ya huku imegandisha hata mabomba, na mbwa wako amezaa chini ya gari bovu la jirani yetu MaNkosi. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa dereva wa lori barua hii.

Nyumba zetu hizi za serikali zinakarabatiwa ili tuchome makaa machache. Yetu imewekwa dari, na nyufa zote zimezibwa. Mama alimtambia MaNkosi: "Shoga, siku hizi hata panya wangu wamevua makoti!"

"Ngoja na yangu izibwe," MaNkosi akamjibu, "utakoma!"

Jumapili Mama aliwasha jiko lake la makaa uani, na moshi ulipoisha akaliingiza chumbani, kama alivyofanya tangu tukiwa wadogo. Zamani hewa yenye sumu ya makaa ilikuwa ikitoka nje kupitia nyufa. Asubuhi nilimkuta amelala tu, hajajikunja kwa baridi. Chumba kilikuwa na joto zuri, Kaka.

Tunamzika Jumamosi. Jana nilitoboa tundu kwenye dari, juu ya kitanda chake. Fundi alipokuja na ngazi kuliziba, nilimfukuza.

"Liache," nilimwambia. "Mama apumue."

Mdogo wako,
Ntombikayise