Kwa Baba Aliyesema Hakuwasha Moto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Overport, hapa Durban, kwenye fleti uliyolala zile wiki za mwisho tulizokuwa pamoja. Umezikwa bila mimi. Pasipoti yangu ilikuwa serikalini kwa ajili ya kibali cha kuishi huku, na kila niliyemwomba aniharakishie aliniambia nisubiri. Nimejaribu kukulilia kama mtoto anavyomlilia baba yake, lakini machozi yakikaribia, haya inayatangulia.

Unaikumbuka siku ile watu waliposhuka mlimani wakipita mbele ya nyumba yetu? Magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, bibi mmoja amebebwa mgongoni. Ulikuwa bwana misitu, umetoka kazini na kaki yako, umekaa kizingitini unavua buti. Nikakuuliza, "Baba, wale watu watalala wapi?" Ulivua buti la pili. Kisha ukaniambia serikali imewatoa msituni kwa sababu chemchemi zinakauka, na kwamba wewe uliamriwa uchome nyumba zao ukakataa. "Nilimwambia mkubwa wangu, kazi yangu ni kupanda miti, siyo kuchoma paa la mtu." Tulipohamishiwa Korogwe muda mfupi baadaye, mimi nilijua sababu: unaadhibiwa. Nilikwenda shule mpya kifua mbele.

Maneno yale ndiyo yaliyonisomesha, baba. Nilipofika Durban kusomea udaktari wa falsafa, nilichagua somo ambalo hata mama hakuweza kuwaeleza majirani: nadharia ya siasa ya mazingira. Nilimwambia kwamba kazi yangu ni kuuliza nani ana haki ya kuamua habari za msitu, mto na hewa, na anaamua kwa niaba ya nani. Tasnifu yangu yote iliegemea hoja moja. Kila amri ya serikali, nilisema, mwisho wake inafika kwenye mkono wa ofisa mdogo, na mkono huo unaweza kukataa. Nilimwita "ofisa anayekataa". Nilikupigia simu kukuuliza tena habari ile, nawe ukaisimulia vilevile, bila kukosea neno. Wakubwa wangu waliipenda. Nikapewa kazi ya kufundisha. Nikaanza kwenda hata mtaa wa Jacobs, kwenye mikutano ya watu wanaovuta moshi wa viwanda mchana kutwa, nikiwaambia wamtafute mkaguzi mmoja mwenye dhamiri, yule atakayekataa kutia saini. Walinisikiliza. Waliniamini.

Ndipo nikakualika uje usikie mhadhara wangu wa kwanza wa hadhara. Nchi hii ilikuwa na miaka michache tu tangu watu wote wapige kura, na ulipenda kukaa jikoni unasikiliza redio, watu wakieleza mbele ya tume ya ukweli na upatanisho yale waliyotendewa na yale waliyotenda. Wakati mwingine ulikuwa unaizima ghafla. Nilidhani Kiingereza chao kinakuchosha.

Siku ya mhadhara ulikaa mstari wa mbele na tai uliyoazima kwa jirani yangu, Papa Anaclet, Mkongomani wa fleti ya chini. Nyuma yako alikaa Bi Mwanaidi. Nilikuwa nimekusimulia habari zake: mwenye duka la vitambaa, mama yetu Watanzania wote wa Durban, aliyenilisha pilau yake nilipokuwa mwanafunzi nisiye na mtu. Nilijua anatoka milima yetu. Kilichomtoa huko hakuwahi kunieleza, wala mimi sikuwahi kuuliza.

Nilipofika kwenye habari yako, niliacha Kiingereza nikaisema kwa Kiswahili, ili uisikie heshima yako kwa lugha yako. "Ofisa huyo yuko hapa," nikasema. "Ni baba yangu." Watu wakapiga makofi. Wewe uliinamisha kichwa, nami nikaona unyenyekevu.

Wakati wa chai Bi Mwanaidi alikuja pale tulipokuwa tumesimama. Hakupandisha sauti.

"Shikamoo, Bwana Misitu."

"Marahaba, binti."

"Mimi ni mtoto wa kule juu. Ulitukuta tunasonga ugali. Mama alikuomba tule kwanza, ukasema tutoe vyungu nje. Kisha ukalitia moto paa wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Nilicheka, baba. Hilo nalo linaniuma. Nilicheka nikamshika bega, nikasema, "Bi Mwanaidi, umemfananisha. Huyu ndiye aliyekataa."

"Muulize."

Uliweka kikombe mezani. Ukasema, "Hajanifananisha."

Tulirudi kwa teksi. Asubuhi ulinikuta jikoni ukaanza kueleza kabla sijakuamkia. Ulisema hapakuwa na mtu aliyekataa, na uhamisho wa Korogwe ulikuwa kupandishwa cheo. "Ulikuwa mdogo, ukaniuliza watalala wapi. Niliona haya. Nikasema lililokuja mdomoni. Basi uongo ule ukakua pamoja na wewe, ukaenda shule pamoja na wewe. Uliponipigia simu kuniuliza tena, ulikuwa umeshaujengea nyumba. Ningeubomoaje nawe umo ndani?"

Nilitoka nikatembea hadi mtaa wa jirani, Sydenham, na kurudi, nikiwaogopa watu wanaonifahamu. Niliona aibu ya kuwa mwanao, na papo hapo niliona aibu ya kuona aibu hiyo, maana ni wewe uliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipopata malaria. Niliporudi ulikuwa umevaa koti. Ukasema, "Nipeleke kwake."

Bi Mwanaidi alikuwa dukani anakunja vitambaa. Ulisimama mlangoni kama mtu asiyejua kama ataruhusiwa kuingia.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya mama yangu siwezi kukupa," akasema. "Alifia bondeni, kwenye nyumba ya kupanga, akiulizia shamba lake. Yangu mimi sijui kama ninayo. Lakini jana watu wamekupigia makofi, mzee. Makofi yale yarudishe."

Ukayarudisha. Jumapili, kwenye ukumbi wa Sydenham tunakokutana Watanzania, Warundi na Wakongomani, ulisimama ukasema yote: ugali, vyungu, paa. Ulisema amri ilitoka juu, kisha ukaongeza kwamba kiberiti kilikuwa chako. Mimi nilikaa pembeni yako, macho sakafuni, nikitamani umeme ukatike. Hakuna aliyepiga makofi. Vijana wawili walitoka nje. Mwishowe Papa Anaclet akainuka.

"Mzee, na kwetu nyumba walichoma. Mimi na bibi yangu na batoto tulikimbia, tukafika mpaka huku. Lakini hakuna mutu hata moja alirudi kusema ni mimi." Akakaa. "Eish. Iko nguvu kusikia, inauma, lakini ni vizuri tumesikia."

Bi Mwanaidi aliinuka. Alipopita mbele yetu kutoka, aliniwekea mkono kichwani, akauondoa haraka. Wewe hakukugusa.

Uliporudi nyumbani niliwaomba wachapishaji wanirudishie mswada wa kitabu kilichotokana na tasnifu yangu. Mkuu wangu wa idara alishangaa. Alisema nadharia inaweza kusimama bila mfano wake. Labda. Lakini nilirudi Jacobs kwenye chumba kilekile cha mikutano, nikawaambia kwamba ofisa niliyewasimulia hakuwahi kuwepo. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa sisi tumtegemee nani?" Baadhi yao hawanialiki tena, na siwalaumu. Siku hizi naandika upya, polepole, habari za ofisa aliyetii: mtu mwema nyumbani, mpole kwa wanawe, anayependa miti kwa dhati. Namfahamu vizuri. Ndiyo maana kila ukurasa unanitia haya.

Juzi kaka alipiga simu kutoka Lushoto. Wewe ulikuwa bado chumba cha maiti. Alitaka nimsaidie kuandika wasifu wako wa kusoma kanisani, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Akasema, "Ile habari ya kukataa amri tuiweke mwanzo kabisa, watu wanaipenda." Wewe hukuwa umewaambia wale wa nyumbani. Uliniachia mimi. Nikamwambia kaka aifute, nikamweleza kwa nini. Kaka akauliza:

"Sasa tuseme nini badala yake?"

"Semeni kwamba alipokuwa mzee, ugenini, alisimama mbele ya watu akasema kweli, na hakuna aliyemlazimisha."

Kaka akasema atafikiria. Wamekuzika jana. Sijui kanisani walisoma nini, na bado sijapata ujasiri wa kupiga simu kuuliza.

Lala, baba. Nakuonea haya, na sina baba mwingine ninayemtaka.

Mwanao, kitindamimba wako