Mzee Asijue Bado

Kitengela,
Jumamosi asubuhi.

Dada yangu Nasike,

Niwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja, na najua umemuuliza mwanangu Melvin habari zangu zaidi ya mara moja. Natumaini goti lako limepata nafuu, kwamba mvua imewafikia huko Kimilili, na kwamba shemeji bado anawashinda vijana kwa jembe. Mimi ni mzima, kwa kiasi changu. Sikupigi simu kwa sababu simu niliyo nayo nilinunuliwa na Melvin, na siku hizi sina hakika ni nani mwingine anayesikiliza. Barua hii utaletewa na Felix, jirani yetu, anayesafiri leo. Nimeitia gundi pande zote. Ukiona imefunguliwa, niambie.

Huu ni mwaka wa nne tangu niwekewe vali ya chuma moyoni na kuhamia hapa kwa mwanangu. Kila jioni sina budi kumeza kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye vali hiyo. Mkaza mwanangu Elsie ndiye anayevipanga vidonge hivyo katika kisanduku chenye siku saba. Hukiweka mezani pamoja na gilasi ya maji, kisha hurudi nyuma. Kama ujuavyo desturi yetu, hanipi mkono, haketi karibu nami, na akiwa na neno humtuma mumewe. Heshima hiyo niliipenda sana. Mwezi uliopita ilianza kunitia shaka, kwa maana mtu asiyesema nawe huwezi kujua anawaza nini.

Mambo yalianza na hindi la kuchoma lililonivunja gego la chini. Elsie, unakumbuka, humsaidia daktari wa meno katika kliniki moja huko Kajiado. Ndiyo sababu sikusema neno nyumbani. Ningewezaje kulala chali nimepanua kinywa mbele ya mke wa mwanangu? Nikaenda peke yangu kwa daktari wa meno hapa mjini Kitengela, kijana anayeitwa Kiama. Fomu yake iliuliza kama nina ugonjwa wa moyo. Niliandika la. Niliona jino liko kinywani na moyo uko kifuani, na niliwashuku watu wa aina hiyo kwamba wakisikia maradhi mawili humzungusha mgonjwa miezi mitatu.

Kijana aliinama, akanitazama kinywani, akatega sikio. Kisha akaniuliza saa yangu ni ya aina gani hata ipige kelele hivyo. Nilimjibu kwamba niliinunua Nakuru zamani. Akapandisha mkono wa koti langu, hapakuwa na saa. Kumbe nikipanua kinywa, mlio wa vali husikika nje. Aliniomba nifungue vifungo vya shati, akaona kovu, akaweka vyombo vyake chini. Aliniita guka, yaani babu kwa Kikuyu chao, akaniambia kwamba guka alitaka kumfanya muuaji kabla hajamaliza hata kulipia kiti kile.

Alinieleza kwamba jino likitolewa, vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu na kushambulia vali, kwa hiyo mtu kama mimi hupewa dawa ya kuviua kabla ya jino kuguswa. Alisema pia kwamba ni lazima damu ipimwe kwanza, na kwamba nisithubutu kuacha vidonge vyangu kwa uamuzi wangu, kwa sababu donge la damu likifanyika kwenye vali laweza kurukia ubongo. Akataka barua kutoka kliniki ya moyo. Nilimsadiki nusu.

Nilipofika nyumbani, Melvin alikuwa ameshajua. Kiama alimpigia, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye fomu. Kesho yake nilimsikia Elsie jikoni akimwambia mtu kwa simu kwamba mzee asijue bado. Mzee ni nani katika nyumba hii isipokuwa mimi? Siku iliyofuata nikaona kabatini bahasha yenye kapsuli nne, imeandikwa kwa mkono wake kwamba zimezwe zote nne pamoja, saa moja kabla. Nasike, nani humeza kapsuli nne kwa mpigo? Nilikata shauri kwamba vali imeharibika, kwamba wananificha, na kwamba jino ni kisingizio cha kunirudisha kwenye meza ya upasuaji.

Shaka hiyo niliipeleka kwa Kimanzi, rafiki yangu wa kanisani anayechonga mawe machimboni. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema mjomba wake aliyekuwa akimeza vidonge kama vyangu aling'olewa jino Jumatatu na damu ikamtoka hadi Alhamisi. Akanionya, mwalimu, ukienda na damu nyepesi kama chai ya shuleni, tutakuzika huku umeshika jino lako mkononi.

Jumatano iliyopita Melvin alinipeleka kupimwa. Damu ilikutwa nzito kupita kiasi. Kliniki ya moyo iliuliza ni nani anayesimamia dawa, na Elsie akajibu kwamba ni yeye. Jioni Melvin aliniambia kwamba mkewe amelia, kwamba anadhani alikosea kukipanga kisanduku, na kwamba ananiomba msamaha. Ndipo pia aliponifumbulia siri ya jikoni. Madaktari wamekubaliana jino litolewe Kajiado, ambako daktari amewahi kuwahudumia watu wenye vali. Msaidizi aliyepo ni Elsie peke yake. Alikuwa akiomba atafutwe mwingine wa kushika mpira wa kunyonya mate kinywani mwangu, ili asinivunjie heshima, na hakutaka nijue mpaka apatikane. Na zile kapsuli nne ndizo zile alizozitaja Kiama. Vali yangu haina kasoro.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Elsie hakukosea. Nilifuata neno la Kimanzi. Kwa siku nane nilikuwa nikiinua gilasi mbele yao na kukificha kidonge kiganjani. Vyote vinane vimo katika leso, ndani ya mfuko wa koti langu la Jumapili. Melvin aliponiletea msamaha wa mkewe, niliupokea. Nikaongeza kwamba awe mwangalifu zaidi siku nyingine. Nilisema hivyo, Nasike, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Tangu jioni ile nimerudia kumeza. Lakini Jumatatu nitapimwa tena, na wasipojua ukweli watanipangia dozi kubwa zaidi kwa kudhani nilikuwa nikimeza siku zote. Hapo damu yaweza kuwa nyepesi mno, na hofu ya Kimanzi itatimia kwa mkono wangu mwenyewe.

Wewe ndiwe senge, shangazi wa Melvin, na ndiwe uliyemwekea Elsie mipaka siku alipoolewa. Nieleze kama waweza kumwondolea mpaka mmoja, ashike ule mpira wa mate. Hilo laweza kungoja jibu lako. Lingine haliwezi. Nikimwambia Melvin ukweli, atamfikishia mkewe, nami sitaona uso wake ukibadilika. Nikimwita Elsie mwenyewe mezani, itakuwa mara ya kwanza tangu aolewe nimwambie neno lisilopitia kwa mtu, na neno hilo litakuwa kwamba nilimsingizia.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote wa kanisani wanaonikumbuka. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Ikiwa habari zangu zitakufikia kwa kinywa cha mtu mwingine kabla ya barua yangu, mtu yeyote asimlaumu Elsie.

Ni mimi kaka yako,
Isaac Wakhungu