Sifongo Aliyenichoma Vidole

Kiongoroni

Mjukuu wangu Salumu, mume wangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mpunga wa Mbwera tumeshavuna, na shangazi yako kajifungua binti. Umeniuliza kutoka huko chuoni: mtu anajuaje kwamba kiumbe ni kipya?

Katika usichana wangu nilipika kwenye meli ya watafiti, nje ya delta yetu. Siku moja wavu ulileta sifongo kutoka vilindini, mnyama asiye na macho wala mdomo. Daktari Rehema, mkuu wa watafiti, akasema, "Huyu tulimpata jana. Mrudisheni majini."

Nikamshika mimi. Wa jana alikuwa laini kama mkate wa kumimina. Huyu alinichoma vidole!

"Daktari, huyu siye wa jana."

Mabaharia wakacheka, mpishi anamfundisha daktari! Yeye hakucheka. Alikata kipande, akakitazama kwa hadubini. Kisha akaita, "Mwajuma, njoo uone!" Salumu, niliona miiba midogo ya kioo, vijiba vyenye ncha kama nyota, vingi ajabu!

Nilidhani atatangaza siku ileile kwamba ni kiumbe kipya. Kumbe alikaa miaka miwili akivilinganisha vijiba vile na vya sifongo wote wanaojulikana, akitafuta alipokosea. Hakupaona.

Barua yake ya kusema sifongo yule ni mpya na amepewa jina ilipofika, baba yako akiwa bado tumboni mwangu, nilizunguka kijiji kizima nikipiga vigelegele kwa jina jipya la Kilatini ambalo hata kulitamka sikuweza.

Akuombeaye kila swala,
Bibi yako Mwajuma