Mama, Wamekukubali Uende Kusema

Mama mupenzi,

Moteri yako ya mutumbwi ingali ku maji. Naanza na hiyo juu najua ndiyo ungeuliza kwanza, mbele ya kuuliza kama mutoto wako anakula.

Ilibakia kidogo niiuzishe. Mesaji iliingia ku telefone: wenye kutengeneza mukutano mukubwa wa mambo ya maziwa na samaki wake, ku hoteli moja ng'ambo, wamenichagua kuwa musemaji "kwa sababu ya kazi yangu bora". Mama, nilifurahi! Mutu mwenye alijifunza kusoma ku makaratasi ya kufungia sukari, leo anaitwa musemaji. Nilitaka kueleza namna ya kukausha chisense, zile samaki ndogo zetu, ku vitanda vya matete kuliko kuzitupa ku muchanga. Nikaendelea kusoma. Kule chini kabisa: musemaji alipe kwanza. Bei yenyewe ilikuwa sawa na moteri.

Mununuzi mumoja wa kutoka Kashikishi alishakuja kuigonga-gonga. Mudogo wangu Chanda, mwenye watoto wake wanakula juu ya moteri ile kupeleka watu Kilwa yetu ya ku ziwa, akaniangalia mimi mukubwa wake.

"Yaya, weye utawafundisha, tena weye utalipa? Ku kanisa pasta analipaka mbele ya kuhubiri?"

"Chanda, hauelewe mambo ya wasomi."

"Bon. Basi beba moteri ku mugongo, wakate wenyewe kipande."

Ni pale nilikukumbuka. Watu wa mitumbwi wakifika kutoka kisiwa cha Chisenga, bandari yote ilikuwa inataka habari ya upepo na samaki. Weye ulikuwa unawapa kwanza maji ya kunawa na sahani ya bukari, ugali wetu. "Wacha akule," ulisema. "Mwenye njaa atasema kile unapenda kusikia." Mumoja tu alikataa bukari yako. Yeye ndiye alitununulia sisi soda, akaanza kusifu Chisenga. Ukaniinamia ku sikio: "Huyu anatulipa tumusikilize. Ana kitu ya kuuzisha." Na kweli, mbele ya jua kushuka alishatoa nyavu zake mbovu, eti tununue.

Sikatae kuchanga, Mama. Watu wote wachangie viti na chai, sawa. Lakini kama musemaji anachaguliwa juu ya mufuko wake, wenye kusikiliza watajuaje? Wanafikiri wameletewa wenye kujua, kumbe wameletewa wenye kulipa. Na mimi ningesimama pale kati yao, na nyavu zangu mbovu.

Basi nikafanya uchokozi. Nikawaandikia: mimi sitaweza kuja, Mama yangu anaweza kusema pahali pangu? Alishafariki, lakini anajua ziwa kunishinda.

Jibu lilifika mbele maji ya chai ichemke. "Tunafurahi kumupokea mama yako. Malipo ikifika tu, tutaweka jina lake."

Chanda alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, na kifua kikanifunguka. Mununuzi tulimurudisha na salamu tu. Siku ya Mungu, ibada ikiisha, nilieleza vile vitanda vya matete kwa wamama wa pwani. Walinipa bukari kwanza, kisha wakanibishia vikali mpaka kunguru wakakaribia kumaliza samaki.

Basi pumzika, Mama. Kule ku hoteli wamekukubali, lakini usihangaike kujitayarisha. Asubuhi hii moteri yako ilitoka na watu wa Kilwa. Nilisimama kuisikiliza mpaka sauti yake ikapotea.

Ni mimi, mutoto wako wa kwanza, mwenye kusema bure