Siku Tisa za Jiko la Mama

Appingedam,
Novemba 14, 2022

Mpendwa kaka Wubbo,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, wifi Maaike na watoto mu wazima huko New Zealand. Mimi sijambo. Baba anakula ukimkalia pembeni. Maua yako ya mazishi yalifika; yalikuwa makubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Uliuliza siku za mwisho za Mama zilikuwaje. Nakuandikia, maana kwenye simu ningekupigia kelele.

Unajua miguu yake iligoma Februari, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Jiko lote, sinki na makabati yake, likawa juu mno kwake. Akijaribu kuosha vyombo, maji yanamchuruzika hadi kwapani. Pasaka ukasema, "Msiite fundi. Nakuja mwenyewe kulishusha." Baba akawatangazia majirani wote. Mei ukasema Juni. Juni ukasema kazi zimekubana. Kila nilipotaka tuanze, Baba alinikatiza: "Tulia wewe. Kaka yako kasema anakuja."

Septemba Baba aliacha kusubiri. Alichukua tu nyundo. Tuling'oa ule ubao wa juu uliovimba kwa maji, tukafupisha makabati, tukaondoa lile la chini ya sinki ili kiti kiingie. Mikono ya Baba inatetemeka siku hizi. Tundu la sinki alilikata pana mno, sinki likapitiliza hadi sakafuni. Akakaa juu ya ndoo, akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Nikanunua ubao mwingine, nikaukata mwenyewe, yeye kashika pima maji ananigombeza: "Polepole! Unadhani unakata mkate?"

Mama akapaza sauti kutoka sebuleni: "Nyie wawili! Mnajenga jiko au mnabomoa nyumba?"

"Vyote viwili!" Baba akajibu.

Tulipomaliza, Mama akaingia na kiti chake, magoti yakapita chini ya ubao bila kugusa. Akapapasa ukingo wote, kisha akatufukuza jikoni. Alimenya viazi, akaviponda na sukuma wiki, akapanga soseji juu. Hatukuwa tumeonja mkono wake tangu Februari. Baba aliongeza mara tatu.

Alipika siku tisa. Asubuhi ya kumi hakuamka.

Siku tisa, Wubbo. Ingekuwa miezi. Kwa kifo chake sikulaumu, moyo wake ulikuwa umechoka. Nakulaumu kwa majira yote ya joto aliyokaa sebuleni akila chakula cha dukani cha kupashwa moto, huku akikutetea: "Mwacheni mwanangu, ana mambo mengi."

Jana nilimwambia Baba tulipandishe jiko, maana akiosha kikombe chake anainama hadi mgongo unamkwama. Akanijibu, "Ukiligusa, usikanyage tena hapa."

Kwa hiyo siku ukija, kaka, usilete msumeno. Njoo uoshe vyombo, mgongo ukuume na wewe.

Shangazi Hilje anakusalimu, na mume wangu Harm pia. Nisalimie wifi, na wanao Jelmer na Femke. Mungu awatunze nyote, na utakapozeeka, awape watoto wako miguu myepesi ya kukujia.

Ni mimi dada yako, ambaye hata sasa anakupenda,
Trijntje